Zima Injini: Jinsi ya Kutazama Ndege Ziwa Nakuru

Mimi ni dereva. Miaka sita niliendesha matatu ya Njoro, na huu ni mwaka wa kumi nikipeleka watu mbugani kwa gari la viti kumi na vinne. Sikusomea ndege. Miaka yangu mitatu ya kwanza mbugani nilijua ndege wa aina tatu tu: flamingo, kanga, na "wale wengine".

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kakamega, aliyekuja kumtembelea binti yake hapa Nakuru. Binti akanikodi siku nzima. Nikampakia mama mapema, nikaingia mbugani kwa mwendo wangu wa siku zote: kifaru huku, simba kule, twende twende. Tulipofika kando ya maji akanigusa bega. "Mwanangu, zima gari." Nikazima. Nikangoja aseme tuondoke. Dakika kumi zikapita, ishirini, nikaanza kuchezea simu. Baada ya nusu saa mama alikuwa ameandika ndege thelathini na mmoja katika kidaftari chake, na gari halijasogea hata hatua. Mimi pale nilikuwa nimeona maji.

Haya ninayoandika ni ya mtu wa hapa: anayeishi Nakuru na hajaingia mbugani tangu safari ya shule, au anayetoka Kisumu, Kericho au Eldoret na watoto wake. Mgeni wa hoteli ana watu wa kumpangia.

Mambo ya langoni

Langoni hawapokei pesa taslimu. Unalipa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwenye ukurasa wa KWS, shirika la wanyamapori, na heri ulipe usiku uliotangulia ukiwa nyumbani, si pale langoni magari yamejipanga nyuma yako na simu inazungusha kile kiduara. Raia analipa kiwango cha raia, lakini awe na kitambulisho mkononi. Nimewahi kurudi mjini na kijana wa watu kwa sababu kitambulisho chake kilibaki kwenye suruali ya jana, na asubuhi yetu ikaishia barabarani. Watoto wana kiwango chao cha chini. Bei sizitaji kwa sababu hubadilika. Ziangalie wiki ile ile unayosafiri. Mwalimu anayetaka kuleta darasa aandike barua mapema, asije akajieleza langoni na watoto arobaini nyuma yake.

Gari nalo linalipiwa, na linalipiwa kwa hesabu ya viti, si kwa hesabu ya watu. Mkija wanne kwa gari la viti kumi na vinne mmelipia viti vya hewa. Kwa hiyo asiye na gari lake ajiunge na wenzake: chama, kwaya, majirani wa ploti moja. Hata hivyo msijazane mpaka wa mwisho. Kwa ndege, kumi ndani ya gari la kumi na vinne ni raha. Wakiwa kumi na wanne, nusu yao wataona visogo vya wenzao. Boda haiingii, na kwa miguu huingii pia, maana ndani kuna simba na nyati wa kutosha.

Unapokodi gari, waulize swali moja ambalo wateja hawaniulizi kamwe: madirisha yanafunguka? Yapo magari mazuri kwa nje, viti vya ngozi, muziki wa kutetemesha kifua, lakini kioo hakishuki na kimebandikwa karatasi nyeusi. Ndani ya gari kama hilo hata mwari, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko kooni, anaonekana kunguru.

Toka mjini hadi lango kuu ni mwendo mfupi, kama kilomita 4. Anayetoka Nairobi anaweza kuingilia Lanet, na kuna lango la Nderit upande wa kusini mashariki. Anayetoka magharibi, yaani Kericho, Kisumu na kwingineko, lango kuu ndilo lake. Choo ni hapo hapo kabla ya kuingia; usisubiri, kwa sababu ndani huwezi kushuka unapotaka.

Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe pale saa hiyo. Najua watu wetu: "tutatoka saa mbili" maana yake ni saa nne mko mtaa wa Section 58 mnatafuta mkate. Ikifika saa nne, jua limepanda, joto linachemka juu ya maji, na ndege aliye mbali unamwona akitetemeka kama picha ya televisheni yenye antena mbovu, hata uwe na darubini ya bei gani. Halafu alasiri kuna upepo. Ndege wadogo hawapendi upepo, hujificha chini kwenye nyasi.

Kwa nini njia uliyoijua haipo

Aliyekuja mara ya mwisho akiwa shule ya msingi atashangaa. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda, likatoka kwenye ukubwa wake wa kilomita mraba 40 na kitu likavuka 60. Lango kuu la zamani lilimezwa, likabidi lihamishwe. Barabara ile iliyofuata ukingo, ambako basi la shule lilisimama mkashuka na kuokota manyoya ya waridi, iko chini ya maji. Migunga iliyokuwa msitu sasa ni miti mikavu imesimama ziwani, myeupe kama mifupa.

Wengi huona miti ile wakahuzunika. Ndege wao wanaifurahia. Minandi wamejenga humo viota tele, na asubuhi utawakuta wametandaza mabawa kama mashati kwenye kamba. Manyoya ya mnandi hulowa maji, tofauti na ya bata, kwa hiyo akishapiga mbizi lazima ajianike. Tai mla samaki naye hukaa kwenye tawi la juu kabisa. Anapolia hutupa kichwa nyuma mpaka kisogo kiguse mgongo. Sauti yake ukishaisikia mara moja umemjua maisha.

Kwa sababu maji hayatulii mahali pamoja mwaka hadi mwaka, ramani ya kwenye simu usiiamini sana. Muulize askari wa langoni barabara ipi imefungwa leo. Mimi nimeingia humo mara mamia na bado nauliza.

Na flamingo? Swali hili naulizwa kabla hata ya salamu. Flamingo mdogo, yule aliyelipa ziwa hili jina duniani, hula mwani mdogo sana wa rangi ya kijani-buluu ambao hustawi kwenye maji ya magadi makali. Maji ya mvua yakiongezeka, magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, na flamingo wanaenda kunakolika: Ziwa Bogoria hasa, Ziwa Elementaita, wengine mbali zaidi. Husafiri usiku. Ndiyo maana mwaka mmoja unaweza kukuta ukingo mzima umekuwa waridi na mwaka mwingine ukahesabu mamia machache kwenye kona moja. Ukitaka flamingo tu na si kingine, pigia simu mtu aliye Nakuru na mwingine aliye upande wa Marigat, karibu na Bogoria, kabla hujajaza mafuta. Usije ukalaumu dereva.

Ila ukiwapata, angalia mdomo. Kuna flamingo wa aina mbili na wengi hawajui. Mkubwa ni mrefu, mweupe-mweupe, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, naye huchuja vidudu vya majini. Mdogo ana mdomo wa wekundu uliokolea, ukiwa mbali unauona mweusi, na mwilini ndiye mwenye rangi nyingi. Wote wawili hula kichwa kikiwa juu chini. Rangi hiyo wanaipata kwenye chakula. Kifaranga wake ni wa kijivu kama kifaranga wa kuku aliyeanguka kwenye majivu.

Darubini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wanakuja na darubini ya pesa nyingi na hawaoni kitu.

Kwenye darubini kuna namba mbili, tuseme 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atakusukumia ya 12 au 20 akisema inavuta mbali. Inavuta, na inavuta pia mtetemo wa mkono wako. Ya 8 inatosha. Na hapa ndipo yule mama alipokuwa na haki kuniambia nizime gari: injini ikinguruma, kiti kinatetemeka, kiwiko chako kinatetemeka, na ndege ndani ya kioo anacheza chakacha. Zima injini kwanza, ndipo useme darubini ni mbaya.

Kuirekebisha fanya hivi. Funga jicho la kulia, tazama kitu kilichotulia, kwa mfano kibao cha barabarani, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yawe makali. Sasa funga la kushoto, fungua la kulia, na bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha kipete kilicho karibu na jicho la kulia mpaka maandishi yawe makali tena. Basi. Kipete hicho usikiguse tena. Kutoka hapo ni gurudumu la katikati tu. Watu nusu ya ninaowabeba hawajawahi kujua kile kipete kina kazi gani. Ukiwa umevaa miwani, kunja vile vikombe vya mpira vinavyogusa uso, la sivyo utaona ulimwengu kupitia tundu la ufunguo.

Halafu kumpata ndege. Usianze kuzungusha darubini hewani kama mtu anayetafuta mtandao. Mwangalie ndege kwa macho matupu, usimwachie, kisha leta darubini usoni huku macho yakibaki palepale. Atakuwa katikati.

Mimi huweka dirishani soksi ya sekondari iliyojazwa mchele na kufungwa fundo. Unalaza darubini juu yake, mkono unapumzika. Inagharimu mchele wa chakula kimoja tu, na panya wakikuachia, inakaa mwaka.

Kama huna darubini usiache kuja. Ndege wengi wa ziwa hili ni wakubwa na hawana aibu. Azima moja, mzungushane.

Ukae wapi

Kanuni yangu ni jua mgongoni. Ukilitazama jua, kila ndege ni kivuli cheusi na utabaki kubishana na mkeo kama ni bata au ni kibisi. Kwa hiyo asubuhi niko upande wa mashariki wa ziwa, chini ya Lion Hill, natazama magharibi. Ukipita huko kuna msitu wa mipongopongo, ile miti mirefu kama mishumaa iliyopangwa, ambao watu hupita bila kugeuka. Saa za katikati niko kusini. Alasiri niko magharibi, juu kwenye jabali linaloitwa Baboon Cliff, ambako ziwa lote linalala miguuni pako likiwa limewaka.

Kusini usipapite haraka. Huko ndiko mito ya Makalia na Nderit inakoingilia. Ziwa lina chumvi, na ndege, hata flamingo wanaokula kwenye chumvi, hutafuta maji baridi ya kunywa na kuoga. Mdomo wa mto ni kama bomba la mtaa saa kumi na mbili jioni, kila mtu yupo. Simamisha gari mahali palipoinuka, zima, kaa.

Dakika tano za kwanza hutaona lolote la maana, kwa sababu ndege wamekuona wewe. Dakika ya kumi wanaanza kurudi. Angalia kwanza ukingo, pale tope linapokutana na maji. Wale wanaotembea juu ya miguu myekundu mirefu kupita kiasi, mwili mweupe na mabawa meusi, kama wamevaa miguu ya mtu mwingine, hao hawakosekani. Vitwitwi, vile vidogo vya rangi ya udongo vinavyokimbia na kuchokoa chokoa, vingi vimetoka Ulaya na Asia. Vinaanza kufika Agosti hivi na vingi huondoka kufikia mwisho wa Aprili, kwa hiyo Novemba hadi Machi ukingo hujaa. Kutofautisha kimoja na kingine ni kazi hata kwa waliosoma. Mimi huandika "kitwitwi" na kuendelea.

Kisha inua macho hadi kwenye maji. Bata Misri, kibisi anayezama na kuibuka mahali usipomtarajia, shakwe wenye kichwa cha kijivu. Mdiria mweusi na mweupe atakuja kuelea hewani, mabawa yakipiga kasi, mdomo ukielekea chini, halafu anadondoka kama jiwe. Akirudi juu ya mti na samaki wake, mtazame kifua. Dume ana mishipi miwili myeusi. Jike ana mmoja, tena umekatika katikati. Hilo nililionyeshwa na yule mama siku ile ile, na tangu hapo sijawahi kupita mdiria bila kuangalia ana mishipi mingapi. Watoto wanapenda sana mchezo huu. Mpe kila mtoto ndege mmoja wa kutafuta siku nzima. Anayepewa mdiria huwa halali garini.

Mwari ndio ninaowapenda mimi. Wazee watakuambia ziwa hili halikuwa na samaki, na ni kweli. Perege wadogo waliletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege wakazaana, na mwari wakasikia habari. Waliozaa kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita wakawa wanakuja hapa kuvua na kurudi kulisha vifaranga. Mwari ni mzito, hapendi kupiga mabawa bure, kwa hiyo hungoja ardhi ipate moto kisha hupanda na hewa ya joto akizunguka zunguka. Ikifika saa nne au tano, wenzako wakilalamika hakuna ndege, waambie watazame juu.

Majini huvua kwa kikundi. Wanajipanga nusu duara, wanasukuma samaki mbele taratibu, mara vichwa vyote vinazama pamoja, mikia juu, kisha vyote vinaibuka pamoja na mifuko ya kooni inachuruzika. Siku moja nilikuwa na akina mama wa kwaya garini. Mmoja akasema, "Hawa wana mwalimu mkali kuliko wetu."

Vichakani nyuma yako kuna wengine: kwezi anayeng'aa buluu na tumbo la kahawia, keremkerem, hondohondo, kigogota. Mbuga hii ina zaidi ya aina 400 za ndege katika kilomita mraba 188. Na ilianza kwa ajili yao: ilikuwa hifadhi ya ndege kabla haijawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na vifaru waliletwa baadaye, miaka ya 1980. Mteja akinifokea kwamba nimepoteza saa nzima kwa ndege na simba hajaonekana, huwa namwambia hayo kwa heshima.

Niliyokosea mimi

Honi kwanza. Zamani, wageni walipotaka picha ya flamingo wakiruka, nilikuwa napiga honi au kugonga mlango kwa kiganja. Wanaruka wote, waridi na nyeusi angani, kila mtu anashangilia, dereva anapewa kitu kidogo. Yule mama alinikuta nimenyoosha mkono kwenye usukani. "Mwanangu, wewe ukiwa mezani na sahani yako, mtu akikupigia honi uruke dirishani ili apige picha, utafurahi?" Kuruka kunawala nguvu, na wanashinda kutwa wakichuja maji ili kuipata. Ukitaka picha ya kuruka, kaa tu. Wataruka wenyewe, tai akipita.

Pili, tope. Ardhi ya kusini ikinyeshewa inakuwa gundi nyeusi. Aprili moja niliona gari lingine limepita, nikasema na mimi napita. Lile lilikuwa na magurudumu manne ya kuvuta. Langu lina mawili na tairi zilizozeeka. Likazama mpaka kwenye ekseli. Nikashuka kusukuma, kosa la pili, na nilipoinua kichwa nyati alikuwa nyuma ya kichaka, kama mita hamsini, ananitazama kama mtu anayenidai. Nilirudi ndani kupitia dirisha. Ukikwama, kaa ndani, piga simu langoni. Namba yao iandike kwenye karatasi, na chaji ya simu usiimalize kwa video. Miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, kama gari lako liko chini, baki kwenye barabara kubwa.

Tatu, nyani. Juu kwenye jabali unaruhusiwa kushuka, na nyani wanalijua hilo kuliko wewe. Nilikuwa na chapati nane kwenye bakuli la buluu, mfuniko umefungwa. Dume moja liliingia kupitia mlango wa dereva, likafungua mfuniko kwa vidole, likachukua chapati zote nane zikiwa zimekunjwa pamoja na kuacha bakuli. Kula ndani ya gari, vioo juu. Mifuko ya plastiki na chupa za maji za kutupwa zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo chai iwe kwenye thamosi na maji kwenye chupa ya kudumu.

Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Kwa anayetafuta ndege, hata 20 ni mbio.

Ukiwa huna ya kiingilio

Kuna mwezi ada za shule zimelipwa na hakuna kilichobaki. Nenda Hyrax Hill, makumbusho madogo kando ya barabara ya Nairobi, ushuke matatu hapo. Kiingilio ni kidogo, unatembea kwa miguu, na kutoka juu ya kilima ziwa lote linaonekana. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa, maji yalifika kwenye kilima hicho. Juu ya mawe kuna pimbi wanaota jua, na ndege wa vichakani ni wengi kwa sababu hakuna magari. Asubuhi utaona mwari wakivuka.

Na kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, inayofanywa na Makumbusho ya Taifa, KWS na chama cha Nature Kenya pamoja na watu wa kujitolea. Mtu anayeweza kuhesabu bila kuchoka anakaribishwa, hata kama anaanza kujifunza. Ulizia Desemba. Nilipoenda mara ya kwanza nilipewa kazi ya kuandika tu, mwenzangu anaita namba nami naandika, na mpaka adhuhuri vidole viliniuma kuliko siku ya kubadilisha gia kwenye msongamano wa Njoro.

Anza kupanga kutoka mapema, kwa sababu ukiwa kule jabalini na jua linashuka hutataka kuondoka, na lango halikungoji. Saa kumi na mbili jioni uwe ushafika. Jioni ile na yule mama nilichelewa kwa dakika tisa. Mzee wa langoni akachungulia ndani, akaona kidaftari mapajani mwake, akamuuliza, "Wangapi, mama?" Akajibu themanini na saba, na kwamba mmoja hana hakika naye. Wakaanza kubishana kuhusu huyo mmoja, nami nikazima injini.